Mara ya Kwanza Kwenye Onyesho la Bendi ya Popu Mbadala: Jibu kwa Msomaji wa Moshi

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Moshi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza bendi za popu mbadala kwenye simu, lakini matamasha niliyowahi kuhudhuria ni yale ambayo msanii huimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Sasa bendi ninayoipenda inakuja kupiga Arusha, ukumbini, Jumamosi usiku. Je, nyimbo zitasikika kama zilivyo kwenye albamu? Nimeona picha zao wakiwa na kompyuta jukwaani. Je, huo si udanganyifu? Nifike saa ngapi, nisimame wapi, na nichukue tiketi ya VIP au ya kawaida?

Marahaba, mdogo wangu. Nitakujibu kama fundi mitambo, maana kazi yangu ni kukaa nyuma ya miksa, ile meza ya kuchanganya na kupanga sauti, na kuhakikisha kwamba kile kinachofanywa jukwaani kinamfikia mtu aliyesimama mwisho wa ukumbi. Nitaanza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo linalobeba mengine: nyimbo hazitasikika kama zilivyo kwenye albamu, na ukienda ukitarajia zisikike hivyo, utaondoka umekosa sehemu iliyo bora ya usiku huo.

Popu mbadala, kwa sehemu kubwa, ni muziki wa chumbani. Billie Eilish alirekodi albamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2019, akiwa na kaka yake Finneas katika chumba cha kulala nyumbani kwao Los Angeles, na wanamuziki wengi unaowasikiliza hufanya kazi kwa namna hiyo. Mwimbaji hurudia mstari mmoja mara nyingi na sauti zote zikapangwa moja juu ya nyingine, kinanda kikaongezewa kinanda kingine, mlio wa mlango au wa vidole ukageuzwa kuwa pigo la ngoma, mpaka wimbo wa dakika tatu ukajaa sauti ambazo hakuna bendi inayoweza kuzipiga zote kwa wakati mmoja. Jukwaani watapanda watu wanne wenye mikono minane. Kwa hiyo, kabla ya ziara, bendi hukaa chini na kuupitia kila wimbo, ikiamua sauti ipi ipigwe kwa mkono, ipi iachiwe kompyuta, na ipi iondolewe kabisa. Uamuzi huo ndio unaotofautisha bendi na bendi, na ndio ninaokuomba uende kuusikiliza.

Utaelewa vizuri zaidi ukilinganisha na dansi, ambalo bila shaka wazazi wako wanalifahamu. Bendi kama Msondo, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, au Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilizoea kuuivisha wimbo ukumbini mbele ya wachezaji, kisha zikaenda Radio Tanzania kuurekodi huku wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja. Rekodi ilifuata jukwaa, na ndiyo maana ukumbini chemko, ile sehemu ya kasi ya mwisho wa wimbo, liliweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyokolea. Katika popu mbadala mpangilio umegeuka: rekodi hutangulia, jukwaa hufuata, na wanamuziki hulazimika kujifunza upya wimbo wao wenyewe. Usishangae, basi, wimbo ukimalizika kwa dakika zilezile za kwenye albamu hata kama ukumbi mzima unataka uendelee, kwa kuwa mara nyingi kompyuta ndiyo iliyoushika urefu wake.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili, nami nalichukulia kwa uzito kwa sababu nasikia vijana wengi wakilijibu kwa haraka mno. Kuwepo kwa kompyuta jukwaani peke yake si udanganyifu. Twenty One Pilots, kutoka Ohio nchini Marekani, ni watu wawili tu: Tyler Joseph huimba huku akihama kutoka kwenye piano kwenda kwenye gitaa la besi na ukulele, na Josh Dun hupiga drams. Sauti nyingine nyingi hutoka kwenye mashine, jambo ambalo mashabiki wao wanalijua, na bado ni bendi inayosifiwa sana kwa maonyesho yake. Karibu na kwetu, Just a Band ya Nairobi, iliyoanzishwa na vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003, ilijenga jina lake kwa kuchanganya muziki wa kompyuta na vyombo vya kupigwa kwa mikono, wala haikuficha mchanganyiko huo.

Ni vizuri ujue mashine hiyo inafanya nini. Kompyuta hutoa sauti za aina mbili. Aina ya kwanza huenda kwenye spika za ukumbi: vinanda vya nyuma, vishindo vya besi vya kielektroniki, wakati mwingine sauti za waitikiaji. Aina ya pili ni mlio mkavu wa kuhesabu mapigo unaokwenda kwenye masikio ya wanamuziki peke yao, na wewe hutausikia kamwe. Mwangalie mpiga drams kabla wimbo haujaanza. Utamwona amevaa hedifoni au vispika vidogo masikioni. Mkono wake mmoja utabonyeza kibao cha mpira kilicho pembeni mwa drams zake, kichwa kitaanza kutikisika taratibu wakati ukumbi bado uko kimya, na baada ya mapigo manne fimbo zitashuka sawia na sauti ya kinanda ambacho hakuna mtu aliyekigusa. Kuanzia hapo yeye hana ruhusa ya kukimbia wala kuchelewa, kwa sababu mashine haitamngojea. Kupiga drams kwa uhai na hisia huku ukiwa umefungwa kwenye mlio huo ni ufundi mgumu, na ninawaheshimu sana vijana wanaoumudu.

Kwangu mimi, mpaka kati ya msaada na udanganyifu uko kwenye sauti kuu ya mwimbaji. Waitikiaji wakitoka kwenye mashine, sina neno. Sauti kuu ikitoka kwenye mashine huku mwimbaji akichezesha midomo, hiyo ni pleibeki, na shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kulalamika. Kuitambua si kazi kubwa. Sikiliza mwisho wa mistari mirefu, kwa kuwa mtu anayeimba kweli lazima avute pumzi, na maiki ya jukwaani huikamata pumzi hiyo. Angalia pia kinachotokea anapoielekeza maiki kwa mashabiki waitikie: sauti kuu ikiendelea vilevile, umepata jibu lako. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, ambalo lilianza mwaka 2004, limejijengea heshima kwa kushikilia kwamba muziki upigwe na kuimbwa papo hapo, na natamani waandaaji wa huku kwetu kaskazini wangeliandika sharti hilo katika mikataba yao.

Jambo litakalokushtua zaidi ya kompyuta, nadhani, ni sauti yenyewe ya mwimbaji. Kwenye hedifoni umemzoea akinong'ona kana kwamba yuko begani kwako. Mnong'ono ule ulirekodiwa katika chumba kimya, na maiki nzuri iliyo karibu sana na mdomo. Jukwaani maiki haichagui. Fundi akiipandisha ili mnong'ono usikike, inakamata pia drams zilizo nyuma ya mwimbaji na spika zilizo mbele yake, kisha ukumbi mzima unaanza kusikia ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Kwa sababu hiyo mwimbaji atailaza midomo yake juu ya wavu wa maiki na kuimba kwa nguvu zaidi kuliko kwenye rekodi, mpiga drams atapunguza mkono katika beti, na waimbaji wengine hushusha wimbo kwa nusu noti au noti nzima ili sauti iwatoshe kwa ziara nzima. Baadhi hutumia mashine ya kunyoosha sauti, ya ukoo wa ile Auto-Tune iliyoingia sokoni mwaka 1997, ambayo siku hizi hufanya kazi papo hapo. Kwenye muziki huu hutumiwa zaidi kama rangi kuliko kama fimbo ya kutembelea. Maneno yatakupotea hapa na pale hata ukumbi ukiwa mzuri, kwa hiyo yapitie nyumbani kabla hujaja. Isikilize albamu nzima kwa mfuatano wake, nyimbo zisizovuma zikiwemo, kwa kuwa aghalabu hizo ndizo bendi hupenda kuzipiga. Nakushauri, hata hivyo, usitazame video za maonyesho ya ziara hii kwenye intaneti, kwani utajiharibia mshangao.

Kuhusu mpangilio wa usiku wenyewe, msanii wa ufunguzi hupiga kwa takribani nusu saa, na mara nyingi waandaaji humchukua kijana wa hapa hapa. Arusha ni mji wa hip hop, ndiko walikotoka X Plastaz na Weusi, basi usishangae ukikuta ufunguzi ni wa mashairi ya kufokafoka mbele ya mashabiki waliokuja kusikiliza vinanda. Msikilize kwa adabu. Kumpigia kelele msanii wa ufunguzi ni ukosefu wa ustaarabu. Kisha jukwaa hubadilishwa kwa dakika 20 au 30, nyaya zinachomolewa na kuchomekwa, na watu wasiojua huanza kunung'unika. Bendi yenyewe hupiga kwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Itafungua kwa wimbo wenye nguvu, itapitisha nyimbo mpya mapema wakati masikio yenu bado yana subira, na katikati taa zitashuka kwa sehemu ya utulivu, pengine mwimbaji akiwa na gitaa moja tu. Hiyo ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu pale hakuna mashine ya kumbeba mtu. Wimbo mliokuja kwa ajili yake utawekwa karibu na mwisho au baada ya bendi kutoka na kurudishwa na makofi, kwa hiyo usikimbilie mlangoni taa za jukwaa zinapozimwa mara ya kwanza. Onyesho linakuwa limekwisha pale taa za ukumbi zinapowashwa.

Sasa niseme mahali pa kusimama, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Mashabiki wengi hukimbilia mbele kabisa wakidhani ndiko kwenye sauti bora. Ukweli ni kwamba spika kubwa huwekwa pembeni mwa jukwaa na kuelekezwa ukumbini, hivyo mtu aliyebanwa kwenye uzio wa mbele anasikia zaidi drams na magitaa yanayotoka moja kwa moja jukwaani, huku sauti ya mwimbaji ikimpita. Ukutani na kwenye kona nako si kuzuri, kwani besi hujikusanya huko na kumeza kila kitu. Mahali sahihi ni katikati ya ukumbi, mbele kidogo au pembeni kidogo ya meza ya miksa, kwa sababu fundi hupanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, na wewe ukisimama karibu naye unasikia kile anachokisikia yeye. Usirudi nyuma sana. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye umbali wa mita 34 ataona fimbo ikigonga ngoma na kusikia pigo baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hilo huchosha akili bila mtu kujua sababu.

Kumbi zetu zinaongeza ugumu wake. Arusha ni mji wa mikutano, na kumbi zake nyingi, zikiwemo zile za kituo cha mikutano cha AICC na za mahotelini, zilikusudiwa hotuba na chakula cha jioni. Muziki wenye besi nzito ukipigwa kati ya vioo, vigae na kuta ngumu hurudi mara mbili tatu kabla haujafa. Miili ya watu ndiyo inayosaidia kuumeza mwangwi huo. Mchana, wakati wa kujaribu vyombo, ukumbi huwa mtupu na sauti huwa tofauti kabisa na ile ya usiku watu wakijaa, kwa hiyo nyimbo mbili za mwanzo ni za fundi kurekebisha alichokipanga mchana. Mvumilie. Wimbo wa tatu ukianza na bado husikii maneno hata kidogo, sogea hatua kumi upande wowote kabla ya kuilaumu bendi.

Ukubwa wa sauti naomba usiupuuze. Maonyesho ya aina hii hufika desibeli 100 na kupita. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hukadiria kwamba desibeli 85 ni salama kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda huo hukatwa nusu, maana yake ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo. Nunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa. Kisokote kimoja kwa vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingize, kisha kishikilie mpaka kitanuke. Watu wanaosema havifanyi kazi mara nyingi hawakuviingiza ipasavyo. Muziki utaendelea kuusikia vizuri, na kesho yake utaamka bila mlio masikioni. Mlio huo ukidumu zaidi ya siku moja au mbili, nenda hospitali ya KCMC wakakupime. Kama una kifafa, ulizia mapema kuhusu taa za kumeta. Na kama una pumu, beba dawa yako ya kuvuta, kwa sababu moshi wa jukwaani hutumika sana katika maonyesho haya.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi kwa kawaida ni ya kufunguliwa mlango. Ikisema saa kumi na mbili jioni, msanii wa ufunguzi anaweza kupanda saa mbili usiku na bendi saa tatu au baadaye, hasa umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kushika, kwani hata kukatika kwa dakika moja huizima miksa ya kidijitali nayo huchukua muda kuwaka upya. Fika mlango unapofunguliwa ili upate nafasi ile ya katikati. Kutoka Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo panda Kosta mapema mchana, na upange mahali pa kulala kwa ndugu au rafiki unayemwamini. Sikushauri hata kidogo kuhangaika stendi usiku wa manane ukitafuta gari la kurudi. Beba sweta. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Moshi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15. Baridi hiyo huyagusa hata magitaa: nyuzi za chuma hujikaza na sauti kupanda, kisha joto la taa za jukwaani huzilegeza na sauti kushuka, ndiyo maana utawaona wakikaza nyuzi kila baada ya nyimbo chache.

Simu itumie kwa wimbo mmoja, halafu iweke mfukoni. Maiki yake itazidiwa na besi na kurekodi mngurumo, na aliye nyuma yako amelipa kiingilio kama wewe. Ukiwa na fedha ya ziada, nunua fulana ya bendi pale mezani, kwa kuwa kwa bendi nyingi mauzo hayo ni sehemu kubwa ya kinachobaki baada ya kulipa usafiri, vyombo na mafundi.

Kuhusu tiketi, chukua ya kawaida. VIP ya huku kwetu mara nyingi ni meza na viti mbele ya jukwaa, na vinywaji juu yake, yaani mahali palepale ambapo nimekueleza kuwa sauti ya mwimbaji hupita, tena miongoni mwa watu waliokaa na kuzungumza wakati wa nyimbo za utulivu. Hali pekee ambayo ningekubali ulipe zaidi ni pale VIP inapokuwa jukwaa dogo lililoinuliwa karibu na miksa, kama kumbi chache zinavyofanya. Mpigie mwandaaji simu kabla ya kulipa, umuulize meza ya miksa itakaa wapi, na uamue kwa jibu atakalokupa.